Mwezi Unavyoipunguzia Dunia Mwendo

Mama mkwe wangu aliahidi mbele ya shehe na wajomba zangu kwamba nikiolewa nitamaliza mwaka wangu wa mwisho wa shule ya ualimu. Loo! Nilipoingia tu kwake, mtaa wa Buyenzi, ahadi ikaota mbawa. Wiki hii ananiruhusu, wiki ijayo risasi zikilia mtaa wa Kamenge, ananizuia mlangoni: "We baki. Vita hii, mutoto wa watu, shule ya nini?" Kisha ananiachilia tena. Alinichosha mpaka mifupani.

Fizikia ndiyo iliyonifungua macho. Prof, mwalimu wetu, alitueleza kwamba sayari ya Jupita ina mwezi mmoja unaovutwa sana ukikaribia na kulegezwa ukijitenga. Unafinywa hivyo bila kupumzika mpaka ndani yake kunayeyuka, unatema moto. Nikasema moyoni, wallahi, mwezi huo ni mimi. Akageukia mwezi wetu. Dunia iliuvuta zamani mpaka ukashindwa kujizungusha utakavyo, ndiyo maana tunauona upande mmoja tu. Lakini nao haukukubali kuonewa. Unavuta maji ya bahari, maji yanasuguana na dunia, na dunia inapoteza mwendo wake wa kujizungusha kidogo kidogo. Na kadiri dunia inavyochelewa, mwezi unasogea mbali.

Basi, dawa nikawa nimeipata! Mama mkwe aliuza vitenge soko kuu, na hakutoka bila chai. Kwao, chai ya asubuhi ya mama mkwe hupikwa na mke wa mwanawe tu. Hata binti zake hawaigusi. Nikaanza kuchelewa. Leo makaa yamelowa, kesho sukari imekwisha.

"Inachemka, Mama."

Wateja wa asubuhi wakamkimbia, na jioni hakuweza kufidia, maana wanajeshi walitaka watu majumbani mapema. Alikonda kwa hasira, nami nilifurahi, sifichi. Mwishowe akamfokea mwanawe: "Mupeleke shule huyu! Chai mi nitajipikia!"

Nikamaliza mwaka, nikafaulu. Siku ya matokeo alipiga vigelegele kuliko wote, akawatangazia majirani, "Ni mi nilimusomesha!" Ni yeye, eti! Nikamwacha amalize. Alikuwa amempakata mwanangu aliyezaliwa mwaka huo, mjukuu wake wa pekee, ambaye hakulala ila mapajani mwake. Nikamwambia nimepangiwa kufundisha Kanyosha, mbali huko kusini mwa mji, chumba tumeshapata, mimi na mume wangu tunahama Ijumaa.

"Na mutoto?" akauliza.

"Mtoto anafuata mama yake," nikamjibu, nikamchukua mapajani mwake, na raha niliyoipata pale ninayo mpaka leo.