Wifi yangu alifukuzwa kwa joto la kompyuta

Admin, naomba unifichie jina, maana mume wangu ni mfuasi wa ukurasa huu na ana tabia ya kusoma maoni yote hadi la mwisho. Majina nimeyabadilisha.

Mimi ni mama wa miaka thelathini na nne, nina mtoto mmoja, naishi Ipagala hapa Dodoma. Mimi na mume wangu wote tunafanya kazi za ofisini, tunatoka asubuhi tunarudi jioni. Tulikuwa tunaishi na wifi yangu, mdogo wake mume wangu, nitamwita Yunis. Anasoma chuo hapa mjini, kwao ni vijiji vya upande wa Mtera. Binti mpole, akitoka likizo hakosi kuniletea samaki wakavu.

Mwaka jana mume wangu aliunganisha kompyuta ya kuangalizia filamu pale sebuleni, akaifunga kwenye TV na spika kubwa. Ndani yake akaweka kadi ya picha, zile wanazotumia wacheza gemu, aliyoinunua ikiwa imeshatumika. Nilimuuliza kama haitatumalizia umeme. Akanicheka, "Kadi haili umeme, mke wangu. Pasi yako ndiyo inayokula." Nikamwachia, fundi ni yeye.

Haikupita muda uniti za luku zikaanza kuisha kabla ya wakati wake. Mume wangu akasema kuna mtu anashinda kwenye filamu sisi tukiwa kazini. Sasa mimi nimelelewa na mama ambaye akirudi sokoni, kabla hata hajatua kapu, anaweka kiganja mgongoni mwa TV ya chogo. Akikuta ya moto, tunachapwa wote. Basi na mimi jioni nikifika nikawa napitisha mkono juu ya lile boksi la kompyuta. Kila siku nalikuta la moto, na TV imezimwa. Na anayewahi kurudi nyumbani ni Yunis.

Nilimuuliza taratibu. Akasema, "Wifi, mimi hata kuiwasha siijui." Sikumwamini, niliuamini mkono wangu. Kaka yake hakumuuliza taratibu. Alimwita mwongo na mwizi wa umeme mbele yangu na mbele ya mtoto, akamwambia afungashe arudi kwa mama yake, na chuo hatamlipia mpaka akiri. Yunis aliondoka na begi moja huku analia, na mimi sikumzuia.

Alipoondoka, kweli, uniti zikaanza kukaa. Jioni nikigusa boksi ni la baridi. Mume wangu akawa anatamba, "Umeona? Panya kaondoka, unga unakaa." Nikajua yameisha.

Mwezi uliopita, usiku tukitoka kuangalia filamu, mume wangu akasafiri kikazi. Asubuhi nyumba nilifunga mwenyewe, funguo ninazo mwenyewe, mtoto nimempeleka shule. Jioni narudi, naweka mkono pale kwa mazoea tu, nakuta boksi la moto. Nilikagua hadi chini ya vitanda nikiamini kuna mtu humo ndani, wala hakukuwa na mtu. Kesho yake ikawa vilevile.

Nikaazima kwa mwenzangu ofisini kile kifaa unachochomeka kwenye soketi kikakuonyesha umeme unaotumika. TV nimezima, sebule kimya, na namba zinasoma karibu sawa na tukiwa tunaangalia filamu. Mwenzangu akaniambia ukizima TV hujazima kompyuta, ile inabaki macho, na kadi kama ile ikiwa macho haijui kula kidogo.

Nikajiuliza, sasa mbona Yunis alipoondoka ikapoa? Mume wangu aliporudi safari, asubuhi yake nilijifanya nakunja nguo koridoni, kumbe namvizia. Kabla ya kuvaa viatu aliinama nyuma ya kabati, akachomoa waya wa kompyuta. Wakati Yunis yupo hakuwahi kuuchomoa hata mara moja. Nikamwambia kama namtania, "Baba Gloria, siku hizi unaichomoa?" Hakunitazama. Akajibu, "Naogopa radi."

Jamani, radi ya mwezi wa nane, Dodoma hii? Vumbi limejaa hadi kwenye meno na mvua tumeshaisahau.

Alijua. Nimejaribu kumtetea moyoni, labda aligundua baadaye akaona aibu kujishusha. Lakini kama aligundua baadaye, mbona hadi leo panya ni dada yake? Au alikuwa anatafuta sababu ya kumtoa? Siku hizi namtazama akila, namtazama akisali, na simwelewi. Kama ameweza kumtwisha hivyo mdogo wake wa tumbo moja, sijui mimi huko kwao kanitwisha yapi. Naogopa hata kumuuliza, maana jibu lake lolote sitaliamini.

Jumapili hii kuna kikao hapa nyumbani. Mama mkwe anakuja kutoka kijijini, baba mdogo wa mume wangu anatoka Mkonze kuja kukisimamia, ili Yunis aombe msamaha kaka yake amrudishe chuo. Kile kifaa bado kimo kwenye mkoba wangu. Nikikitoa, namvua nguo mume wangu mbele ya mama yake mzazi, na ninavyomjua hatanisamehe. Nisipokitoa, yule binti atapigishwa magoti kwa kosa la boksi.

Jana kaniandikia ujumbe: "Shikamoo wifi. Nimechoka, nitakubali tu kwamba nilikuwa naangalia, bora nisome. Naomba unifundishe inavyowashwa, wakiniuliza nisije nikakosea."

Mpaka sasa sijamjibu. Ninyi mlio nje ya nyumba hii, niambieni, nimwandikie nini?