Kusoma Midomo ya Nyumbani

Nilikuwa nimeshaposwa nilipougua homa ya uti wa mgongo. Ilikuwa enzi ya Mwingereza, miaka michache baada ya askari wetu kurudi kutoka vita vya Burma, na kwetu Puge ugonjwa ule ulipita nyumba hadi nyumba wakati wa kiangazi, vumbi likiwa limetanda kila mahali. Baba alinipakia kwenye lori la pamba, nikapelekwa hospitali ya Tabora. Safari yenyewe siikumbuki. Ninachokumbuka ni kuamka.

Niliamka asubuhi nikamwona mama amekaa kando ya kitanda, midomo inacheza. Nikadhani ananong'ona ili asiwasumbue wagonjwa wengine. Nikamwambia, "Mayu, sema kwa sauti." Mayu ni mama, kwa Kinyamwezi. Midomo ikacheza zaidi, mishipa ya shingo ikamsimama, na mgonjwa wa kitanda cha jirani akageuka kututazama. Ndipo nikaelewa kwamba mama alikuwa anapiga kelele.

Tuliambiwa huenda masikio yangefunguka yenyewe. Tukarudi nyumbani kungoja. Mwanzoni watu walinipigia makelele, wakaja na dawa za kila aina, wakapiga sufuria nyuma ya kisogo changu kuona kama nitashtuka. Baadaye wakachoka. Wakaanza kuniashiria kwa mkono kama mtu anavyomwita mbuzi: njoo, ondoka, kula. Hata hayo yakapungua. Tukikaa kula, niliona watu wakicheka, nami nikacheka nao bila kujua tunacheka nini, mpaka siku moja nikaona aibu, nikaacha.

Kabla ya ugonjwa nilikuwa mwimbaji kanisani. Mtu akiniulizia njiani, aliniulizia hivyo: yule binti mwenye sauti. Jumapili ya kwanza baada ya kupona nilisimama mahali pangu, nikatazama mkono wa mwalimu wa kwaya, nikafungua kinywa. Nilihisi sauti kifuani, nikadhani iko sawa. Kisha niliona vichwa vinageuka, kimoja baada ya kingine, na mtoto mmoja akaficha uso kwenye kanga ya mama yake akicheka. Mama alitoka kwenye benchi lake, akaja kusimama karibu nami, akanishika mkono. Nilifunga kinywa, na tangu siku hiyo sikuimba tena.

Mchumba wangu alikuwa mtu wa Ziba, kwa wafugaji. Nilimpenda, ingawa tulikuwa tumezungumza mara chache tu. Siku moja walikuja wazee wa kwao, nikawapelekea maji ya kunywa, nikapiga goti kuwasalimu, wakaitikia huku wakitazama chini. Baadaye nilimwona baba anafungua zizi. Ng'ombe wa mahari walitoka, wale wazee wakawaswaga kuelekea njia ya kwao. Nilimfuata mama jikoni nikamwuliza kulikoni. Akafuta macho kwa mgongo wa mkono akaendelea kupuliza moto. Hakuna mtu aliyewahi kuniambia kwamba uchumba umevunjika. Ng'ombe ndio walioniambia.

Aliyekuja kunichukua alikuwa shangazi yangu, dada yake baba. Yeye aliolewa Tabora na fundi seremala Mwislamu, mjukuu wa wapagazi waliobeba pembe za ndovu katika njia ya misafara wakati wa Waarabu. Shangazi alibadili dini, akabadili jina, akaanza kuvaa buibui, na baba hakuwahi kukanyaga nyumbani kwake. Lakini aliposikia habari zangu alikuja hata hivyo. Alinishika kidevu, akaniinua uso, akanitazama kwa muda mrefu. Kisha aligombana na baba uani, mimi nikiona mikono tu. Mwishowe baba alichukua kijiti, akaandika chini kwenye mchanga, kwa Kiswahili, kwa kuwa hiyo ndiyo lugha aliyofundishwa kuandikia: Nenda na shangazi.

Shangazi alikuwa anauza vyakula stesheni. Treni za Kigoma, za Mwanza na za Dar es Salaam zilikutana pale, na abiria walikuwa na njaa daima. Aliuza mayai ya kuchemsha, karanga, asali, na matobolwa, yale ya viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa. Hakuwa na subira ya kuniashiria. Wiki ile ile niliyofika alinikalisha uani, jua likimpiga usoni, akaanza kusema neno moja moja huku anashika kitu chenyewe. Yai. Karanga. Bei gani? Punguza. Nipe mbili. Nikikosea alinipiga paja kidogo, akarudia. Hakujua kusoma wala kuandika, lakini aligundua jambo ambalo hakuna mwingine aliyeligundua: watu wa treni husema maneno yale yale. Mtu akijua hayo machache, anaweza kuanza.

Nikaanza. Treni ya kwanza niliihisi miguuni kabla sijaiona. Watu hunieleza kwamba kiziwi husikia ngoma kwa nyayo, na wanalisema kama vile ni faraja. Mimi nilisikia mtikisiko tu, kama wa mtu anayetwanga nyumba ya pili. Lakini macho yangu yaliamka. Nilijifunza kwamba mwanamume mwenye ndevu nyingi ni taabu, na anayetafuna tumbaku ni taabu zaidi, na kwamba mtu anayetaka kukulalia kwenye bei huanza kutikisa kichwa kabla ya kufungua mdomo.

Kulikuwa na kitu kingine pale, nacho ndicho kilichonirudishia uhai. Mabehewa ya kutoka Kigoma yalijaa manamba, vijana wa Kiha na wa Burundi waliokwenda kukata mkonge Tanga. Wengi hawakujua neno hata moja la Kiswahili. Walitoa mikono dirishani, wakaonyesha mdomo, tumbo, kidole kimoja, viwili. Wauzaji wengine walikereka, wakawapigia makelele. Mimi niliwaelewa wote. Pale dirishani hakuna aliyejua kwamba sisikii, maana wao pia walikuwa viziwi kwa mji ule. Kijana mmoja aliniashiria kwamba matobolwa yangu ni magumu kama soli ya kiatu, nikamwashiria kwamba meno yake ndiyo mabovu. Behewa zima likacheka, nami safari hii nilijua tunacheka nini.

Baada ya mwaka na zaidi niliweza kumfuata shangazi karibu neno kwa neno, na mumewe pia, ingawa aliongea kama mtu anayelipia kila neno. Majirani walizoea kusimama mbele yangu kabla ya kusema. Nilikuwa Mkatoliki katika nyumba ya Waislamu, nikienda misa Jumapili na kupika futari Ramadhani, na hakuna aliyeona ajabu.

Kisha baba akaja. Alisimama mlangoni kwa dada yake, kofia mkononi, hataki kuingia. Nilipiga goti nikamwamkia, "Shikamoo, baba." Midomo yake ilisema marahaba, hilo niliona. Halafu akaanza kusema, na mimi nikapotea. Nilitazama midomo, meno, ulimi, sikupata kitu. Nikadhani macho yamechoka. Nikamtazama shangazi anavyomjibu, naye pia sikumpata. Ndipo nikatambua kwamba wanasema Kinyamwezi.

"Baba," nikamwambia, "niambie kwa Kiswahili."

Akaigeuza kofia mikononi. Kisha akasema polepole, na kila neno nililiona, "Mimi niseme Kiswahili na mwanangu, kama niko barazani mbele ya Mzungu, Bwana Shauri?"

"Sioni maneno ya nyumbani, baba. Nimejifunza haya ya hapa tu."

Akasema kwa Kiswahili hicho hicho cha barazani kwamba kuna jirani yetu aliyefiwa na mke, mtu mwenye shamba zuri. "Anasema hajali masikio. Anasema mke asiyesikia hana ugomvi."

"Mwambie mimi nagombana kila siku na treni nzima."

Shangazi alishika mdomo asicheke. Baba hakucheka. "Umekuwa mtu wa mjini," akasema, akavaa kofia, akaondoka bila kunywa hata maji.

Neno lile lilinikaa. Muda wote ule nilijihesabu kuwa msichana wa Puge aliye mjini kwa muda, mpaka masikio yafunguke. Sasa niliona kwamba masikio hayangefunguka, na kwamba mtu niliyekuwa nimejitengeneza upya hakuweza kuiona lugha ya mama yake midomoni mwa watu. Si mji ulioniibia. Ni kwamba tangu niugue hakuna mtu wa nyumbani aliyekaa mbele yangu akasema nami. Nilimweleza shangazi. Akasema, "Mimi nilipobadili dini, niliambiwa nimekufa. Sikufa. Nenda kakae mbele ya mama yako."

Nilikwenda wakati wa kuvuna karanga. Mama alifurahi, akaniashiria nikae, akainama kubangua. Alikuwa na tabia ya kusema akiwa ameinama, na akitabasamu alifunika mdomo, kwa kuwa meno ya mbele yalikuwa yamemtoka. Nilimshusha mkono. "Mayu, nitazame. Niseme nini asubuhi nikikuona? Sema nilione neno midomoni."

"Mwangaluka," akasema.

"Tena."

Tukaanza na salamu, kama watoto. Ilikuwa kazi ngumu kuliko stesheni. Mama na baba ni neno moja midomoni, ukitazama vizuri, midomo inafumba na kufumbuka vilevile, na Kinyamwezi kimejaa mafumbo ya aina hiyo. Nilimkosea mara nyingi akakata tamaa, akataka kurudi kwenye ishara. Nilikataa. Karanga zikaisha, tukahamia kwenye mahindi. Siku moja alinisimulia habari za mke wa katekista aliyekimbizwa na bata mzinga mpaka kisimani, na nilicheka kabla hajamaliza. Aliacha kupukuchua. Akanitazama, akaanza kulia na kucheka pamoja, mdomo wazi, hajali pengo.

Siku chache baadaye tulikuwa tunakula mchana. Baba alimwambia mama, kwa Kinyamwezi, kwamba jirani yule bado anangoja, na kwamba ni mtu mwema.

"Ni mwema kwa anayemtaka," nikajibu, kwa Kinyamwezi.

Baba aliacha tonge njiani. Akasimama. Akaanza kunigombeza, kidole hewani: mimi ni mkaidi, nimefundishwa jeuri na dada yake, nitazeeka nauza mayai, hakuna binti kwetu aliyewahi kumjibu baba yake mbele ya chakula. Tangu nilipougua hakuna mtu wa nyumbani aliyekuwa amenigombeza. Nilikuwa nimehurumiwa tu. Sikumwondolea macho midomoni, nisipoteze neno. Maneno mawili matatu yalinipita, nikamwomba ayarudie, naye kwa hasira akayarudia, akinigeukia vizuri ili niyaone. Kisha akachoka, akakaa, akaomba maji. Nilimletea kwa magoti. Akanywa, akafuta mdomo, akaendelea alipoishia.