Baiskeli Tupu ya Iliasi

Miaka thelathini na minne Iliasi wa Kasongo alikuwa mtu wa baiskeli, lakini ukihesabu siku alizoipanda hazifiki mwezi. Alikuwa msukumaji. Mafuta ya mawese, mpunga, karanga, chumvi, sabuni, vyote vilipita juu ya baiskeli ile kutoka Kasongo hadi Kabambare na kurudi, yeye akitembea pembeni, mkono mmoja kwenye fimbo iliyofungwa usukani, mkono wa pili kwenye mti uliosimamishwa nyuma ya kiti. Msukumaji haoni njia. Anaona gurudumu la mbele, jiwe, tope, tena jiwe. Vilima anavijua kwa magoti.

Siku moja, juu ya kilima upande wa Wamaza, aliegesha mzigo apumzike. Akainua kichwa. Bonde lote lilikuwa limejaa ukungu, na paa za nyasi zinachungulia humo ndani. Akamwuliza mwanamke aliyekuwa anapita na mihogo kichwani, "Mama, hapa panaitwa namna gani?"

Yule mama alicheka mpaka akatua kikapu. "We papa! Miaka yote unapita hapa na mafuta yako, leo ndiyo unauliza jina?"

Neno lile lilimkaa rohoni. Alikuwa na miaka sitini na miwili na miguu bado mizima. Mtoto wake wa pekee, Rehema, alikuwa ameolewa Kalemie, kwenye ziwa, na yeye hajawahi kufika kwake hata mara moja, kwa sababu mzigo wake ulikuwa unaishia Kabambare. Basi akaamua. Atakwenda mpaka ziwani na kurudi, peke yake, bila mzigo, amepanda. Aone tu.

Shida ikawa nyumbani, kwa mkewe Nuru.

Wasukumaji wa Kasongo wana desturi yao. Mzigo mwanaume anaufunga mwenyewe, kamba kwa kamba. Lakini ukanda wa mwisho, ule wa mpira wa tairi unaopita juu ya yote, anaufunga mke, kwa fundo lake la kipekee, na haufunguliwi na mtu mpaka mzigo ufike. Ukikutana na fundo lile njiani unajua kwamba huyu ana kwao, yuko mtu anamngoja. Nuru ni binti wa wavuvi wa Nyangwe. Fundo lake linazunguka mara mbili, kisha mkia unafichwa ndani, kama wanavyofunga nyavu kwao.

Asubuhi ya kuondoka Iliasi akamletea ukanda. Nuru alikuwa anapepeta mchele, hakuinua macho.

"Nifunge nini? Mzigo iko wapi?"

"Funga hapo nyuma tu, Mama Rehema. Watu wajue."

"Wajue nini? Mwanaume anatoka na kinga tupu, baiskeli bila kitu, anaenda kuijaza wapi? Nani alishaona mutu anatembea miezi miwili bure? Kama iko mwanamke kule ziwani, sema. Miye sifungi fundo juu ya upepo."

"Nitarudi vile ninatoka. Tupu. Utaona mwenyewe."

"Nitaona," alisema Nuru, na ungo ukaendelea kulia.

Akaondoka na ukanda mfukoni. Tangu pale safari ile haikuwa ya ziwa peke yake. Kwenda hakukumtia wasiwasi, wala vilima, wala vizuizi vya barabarani ambako alisimama na kujieleza kwa upole. Kitu alichokitaka ni kimoja: siku ya kurudi, Nuru aupokee ukanda ule kwa mkono wake mwenyewe. Na kwamba ataupokea, Iliasi hakuwa na shaka. Mwanaume akisema neno na kulitimiza, mke ataling'ang'ania nini tena?

Kijiji cha kwanza kilimfundisha kitu alichokuwa anakijua akakisahau. Wanawake waliokuwa shambani walipomwona anakuja, amepanda, nyuma hakuna kitu, wakaweka majembe chini. Mmoja akashika kichwa. Sababu ni hii: huku kwetu, kati ya Luama na Lualaba, mtu wa njia ndefu anayepanda baiskeli tupu amebeba habari ya kifo. Mbebaji wa habari ile hasimami, hasalimii, hanywi maji ya mtu, mpaka amfikie mwenye msiba. Iliasi mwenyewe, kijana wa miaka thelathini, alipitia vijiji tisa namna hiyo, midomo imekauka, na watu walisimama pembeni ya njia wakimtazama bila kumwita.

Akashuka haraka. "Hapana, mama zangu! Haiko msiba. Ni miye tu, natembeza macho."

"Unatembeza nini?"

"Macho. Miaka yote nilitembeza mafuta."

Wakacheka, wakampa maji. Tangu siku ile hakupita kijiji bila kushuka. Anashuka, anacheka kwanza, anasalimu, anauliza jina la mahali. Alivuka Luama kwa mtumbwi, akapita Kabambare, akaendelea mashariki kusikokuwa na mtu anayemjua, na jina la Papa Macho likawa linamtangulia. Majina ya vilima akayaweka kichwani, moja moja, kama mtu anayepanga sabuni kwenye meza ya soko.

Ziwa aliliona siku ya ishirini na tatu. Alikaa juu ya jiwe, akakaa. Rehema ndiye aliyekuja kumtoa pale, na mtoto mgongoni.

Kwa Rehema alikaa siku kumi na mbili. Binti akamshonea kanzu nyeupe, akamlisha samaki mpaka mashavu yakarudi. Siku ya kuondoka akaleta mfuko wa ndagala, vile visamaki vya ziwa, zilizokauka vizuri. "Baba, hizi ni za mama. Weka nyuma."

"Msalimie wewe mwenyewe kwa simu siku utakapompata. Miye nilimwahidi tupu."

"Baba, hata kidogo? Mutu anatoka kwa binti yake mikono mitupu?"

"Kikiwekwa kitu pale nyuma, mama yako atasema hicho ndicho nilichofuata. Acha."

Rehema akatikisa kichwa. "Weye na mama, munafanana kama mafiga."

Kurudi kulikuwa kwepesi. Miguu ilikuwa imejua kazi yake mpya. Usiku wa mwisho alilala kwa Mama Consolée wa Wamaza, mjane mnene ambaye nyumba yake ilishalaza wasukumaji wa vizazi viwili. Asubuhi yule mama alimsindikiza mpaka njiani, akaiangalia baiskeli nyuma na mbele.

"Papa Iliasi, fundo ya bibi iko wapi?"

Iliasi akapigapiga mfuko wake.

"Ee! Kumbe unatembea na ndoa mfukoni!"

"Leo hii itatoka."

"Asipotaka?"

"Atataka. Miye namjua Nuru."

Saa za mchana alifika kwenye kijito cha mwisho kabla ya Kasongo. Akaoga, akaisugua baiskeli kwa mchanga mpaka chuma kikang'aa, akavaa kanzu ya Rehema. Toka pale njia inateremka. Akapanda. Upepo ukaijaza kanzu, miti ikapita, na harufu ya moshi wa majiko ya Kasongo ikamjia puani, harufu ambayo haina mfano. Miaka sitini na miwili, na mtu anashuka kilima kile mikono haisukumi kitu! Moyo wake uliimba.

Chini ya mteremko alikuwa Clovis, dereva wa pikipiki wa mtaa wake, amesimama anakaza mzigo wa abiria.

"Papa Iliasi! Unatoka kwa Rehema? Habari ya kule?"

Iliasi aliinua mkono mmoja juu, akapita kama mshale.

Clovis alibaki amesimama. Aliiona baiskeli haina kitu, akaiona na ile kanzu nyeupe kama sanda, na mzee anayejulikana kwa salamu ndefu amepita bila salamu. Hakuthubutu kumfuata nyuma, kwa maana mbebaji wa habari hapitwi njiani. Akamshusha abiria, akachukua kijia cha mashambani. Na kwa kuwa kilima kinachofuata kilimlazimisha Iliasi kushuka na kusukuma, na juu yake kuna msikiti mdogo ambako alisimama kuswali alasiri bila haraka, Clovis alifika mtaani mapema mno. Clovis si mtu mbaya. Ila mdomo wake na pikipiki yake havina breki.

Iliasi aliingia mtaani anapiga kengele. Aliwaza ataanza na neno gani. Labda "Mama Rehema, tupu ni hii." Akakata kona ya nyumba ya Pascaline, jirani yao, na kengele ikanyamaza.

Kiwanja cha nyumba yake kilikuwa kimejaa watu. Wanaume walikuwa wamekaa juu ya mabenchi. Pacifique, mume wa Pascaline, alikuwa anavuta kamba ya turubai. Kuni zilishaletwa, sombe, mboga ya majani ya mihogo, ilikuwa inatwangwa. Katikati ya mkeka alikaa Nuru, kitambaa kimetoka kichwani, nywele nyeupe ziko nje. Alipomwona akatoa ukelele uliomwingia Iliasi mpaka kwenye mifupa.

Nuru yu hai. Basi ni nani? Kaka yake wa Nyangwe? Dada yake mkubwa? Kwenye msiba mtu haulizi. Analia kwanza, maswali yanakuja baadaye. Iliasi aliitupa baiskeli, akaanguka chini karibu na mkewe, akalia. Nuru alipoona anavyolia, akazidisha. Iliasi alipoona anavyozidisha, na yeye akazidisha. Wanawake wakapokea. Muda si mfupi ukapita hivyo, wote wawili wameshikana mikono, Iliasi akimlilia mtu asiyemjua.

Mwishoni Pascaline akamsogelea, sauti ya chini. "Papa Iliasi, pole sana. Ilikuwa ugonjwa gani?"

"Ugonjwa ya nani?"

"Ya Rehema."

Iliasi akaruka juu. "Rehema! Rehema amekufa? Lini? Nani amesema?"

"Si weye umeleta habari?"

"Miye? Nilimwacha anakaanga samaki! Amenona! Mtoto ameota meno mawili!"

Mtwangio wa sombe ukasimama. Watu wote wakageuza shingo kumtafuta Clovis, ambaye alikuwa anatafuta njia ya kutokea.

"Musiniangalie hivyo!" Clovis akasema. "Niliona na macho yangu! Kinga tupu, kanzu nyeupe, namwita hasimami! Nyinyi mungesema nini? Na simu ya Rehema tumepiga mara ngapi, haipatikani!"

Iliasi akashika kichwa. "Clovis ana haki. Kosa ni yangu. Vijiji vyote vya watu nilishuka nikasalimu. Kwangu ndiyo nilisahau."

Nuru alisimama. Alimkaribia mumewe, akampiga begani kwa kiganja, moja, mbili, tatu, kwa nguvu za mtu anayetwanga. "Weye! Weye! Weye!" Kisha machozi mengine yakamtoka, mapya, na katikati yake kicheko. Mama mzima wa miaka sitini anacheka na kulia mbele ya watu, na wanawake wote nyuma yake wanafanya vilevile.

Alipomaliza akafunga kitambaa chake. Akaenda ilipolala baiskeli, akaiinua. Alipitisha mkono juu ya kiti cha nyuma, polepole, kila chuma. Miaka thelathini na minne alikuwa anajua mzigo unaacha nini juu ya chuma kile: mikwaruzo ya kamba, mafuta, pembe zilizosuguliwa. Sasa kulikuwa na chuma kilichosuguliwa tu, bila mkwaruzo mpya, na vumbi lililobaki kwenye pembe.

"Kweli," akasema. "Haukubeba kitu."

"Nilikuambia."

"Hata ndagala ya kuletea mama yake Rehema?"

"Alitaka kunipa. Nikakataa."

"Ulikataa ndagala!" Nuru akawageukia wanawake. "Mumesikia? Mutu anatoka ziwani, anakataa ndagala!" Lakini mkono wake ulikuwa umeshanyooshwa, kiganja juu. "Leta ile mpira."

Iliasi akautoa mfukoni. Ulikuwa umechukua umbo la paja lake.

Pacifique akakohoa. "Mama Rehema, habari imeshafika soko. Watu wako njiani na mikeka. Tutatuma nani kuwaambia?"

"Usitume mutu." Nuru alivua kikwembe cha juu, kile kitenge alichojifunga kiunoni, akakikunja mara nne, akakilaza juu ya kiti cha nyuma, akapitisha ukanda. Akazungusha mara mbili, akauficha mkia. "Mama aliyefiwa hatoki kwenye mkeka siku tatu. Wakiniona napita, watajua."

"Unapita na nini?" Iliasi akauliza.

"Na hii, si iko tupu?"

Akakaa upande upande, mkono mmoja umeshika kiuno cha mumewe. Tangu aolewe hajawahi kukaa pale. Siku zote pale palikuwa na dumu. Iliasi akapanda. Baiskeli ikayumba, ikapata njia.

"Pascaline!" Nuru akapiga kelele wanapotoka. "Sombe isimwagwe! Tunarudi kula!"

Walipokata kona kuelekea soko, watu wa kwanza walionekana, mikeka kichwani, nyuso zimeinama. Mmoja akainua macho, akasimama palepale.

"Piga kengele," Nuru akasema mgongoni mwa mumewe. "Na ushuke usalimu. Kisha uniambie: ile ziwa, ng'ambo yake inaonekana?"

"Asubuhi inaonekana. Mchana hapana."

"Na ile kilima ya Wamaza, iko na jina?"

"Iko nalo."

"Piga kengele kwanza."