Nilipouliza Kama Rwamba ni Mkristo

Ipo siku moja ambayo haijanitoka akilini, mwanangu, na leo umenikumbusha. Umenijia na swali lako la kanisani, kama Wamormoni ni Wakristo ama si Wakristo, kwa kuwa vijana wenzako hawataki yule msichana mgeni, Mmormoni, aimbe nanyi kwenye harusi. Keti. Nitakujibu, lakini kwanza nikueleze jinsi mimi nilivyouliza swali hilohilo, nikiwa mwanamke mzima mwenye watoto watano.

Niliolewa juu ya mji wa Runyenjes, kwenye boma lililozungukwa na chai mpaka karibu na mlango wa jikoni. Kwa miaka saba nilikuwa mkaza mwana peke yangu pale. Kisha mdogo wa mume wangu akamwoa Rwamba. Sitakuficha, nilimwonea wivu kabla hajafungua sanduku lake. Mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kuingia shambani na wa mwisho kutua kikapu, lakini mama mkwe akitaka kukandwa miguu alimwita Rwamba. Mimi aliniita akitaka kuni. Kicheko chao kilivuka ua kikanikuta nimeinama motoni, na roho ikinichoma hata nasahau chumvi kwenye githeri, yale mahindi na maharagwe yetu.

Basi katika miaka ile ya tisini Rwamba alikwenda Nairobi kumsaidia mke wa kaka yake aliyejifungua, akarudi akiwa Mmormoni. Jumapili hakuja nasi tena. Alishuka mjini kuabudu na watu wachache kwenye chumba cha kupanga. Tena aliacha chai na kahawa kabisa, ndiyo sheria ya kanisa lake. Hebu fikiria, mwanamke anachuma chai wiki nzima, halafu akiingia kwa mtu anaomba maji ya moto. Kwetu mgeni akikataa chai, mwenye nyumba hubaki akijiuliza amemkosea nini.

Nilifurahi, mwanangu. Nilifurahi sana. Hatimaye nilikuwa nimepata pa kumshika. Pale kwenye kituo cha kuuzia majani ya chai, tukingoja yapimwe, niliwauliza wanawake kwa sauti ya mtu mwenye huruma kama huyu wetu bado ni Mkristo, maana ana kitabu kingine kando ya Biblia. Mzee mmoja wa kanisa alinieleza tofauti nyingine, namna wanavyofundisha juu ya Mungu Baba na Mwana, nami nikazishika kuliko nilivyowahi kushika somo lolote. Wala sikuwa na haja nazo. Nilitaka Rwamba atoke moyoni mwa mama mkwe, basi.

Mama mkwe akaugua. Alipoona hali si nzuri alisema wazi kwamba siku ya kuzikwa kwake, anayeomba kaburini kwa niaba ya wake wa wanawe awe Rwamba. Mimi mkubwa niko, na anamtaja Rwamba! Nilivaa kitambaa changu cha kichwa nikaenda moja kwa moja kwa yule mzee wa kanisa, nikamwambia jambo hilo haliwezekani. Akasema atakuja na wenzake wawili kuomba na mgonjwa, wajionee wenyewe.

Siku walipokuja nilipika chai mwenyewe, kwa maziwa ya asubuhi. Wazee waliketi, mama mkwe tumemwegemeza kwa mito kwenye kochi. Nikagawa vikombe. Nilipomfikia Rwamba nilimnyoshea chake mbele ya wote, nikamwita kwa jina la mwanawe, "Mama Ireri, hii ni chai ya Mama. Tukunywe wote kwanza, ndio tuombe pamoja."

Nilijua hatakunywa, naye akajua kwamba ninajua. Alikipokea kwa mikono miwili, kwa heshima, akakishika tu huku ameinamisha macho. Nikawageukia wazee. "Mnaona? Hata chai ya mama yake imemshinda. Na huyu ndiye ataomba kwa kaburi ya Mkristo?"

Mama mkwe akanyosha mkono wake uliokonda, akakichukua kile kikombe kwa Rwamba, akanywa kidogo, akakiweka chini. Kisha akanitazama mimi.

"Mimi sikusoma," akasema. "Mambo ya vitabu wataulizana hawa wazee. Lakini nyinyi wawili mnaomba hapa kando yangu kila siku, na mimi nasikia. Huyu akiomba, anamtaja Yesu. Wewe ukiomba, unamtaja yeye."

Nilitamani ardhi ipasuke initwae. Ilikuwa kweli tupu. Kila jioni nilifumba macho nikamwomba Bwana amfungue Rwamba macho, aondoe mafundisho mageni bomani, na maumivu ya mgonjwa aliyelala mbele yangu nikayataja kwa kupita tu.

Alifariki kabla ya mwezi kwisha. Kosa langu kubwa, mwanangu, lilikuja hapo. Wazee, licha ya wosia wake, walikuwa wameshaamua kwa kufuata maneno yangu, na jina la Rwamba halikuwemo kwenye programu ya mazishi. Ningeweza kulirudisha. Ilinibidi tu niende kwa yule mzee nikiri kwamba kilichonisumbua si imani ya Rwamba, ni wivu. Nilifika mpaka langoni kwake, nikaona aibu, nikarudi. Kwa hiyo kaburini niliomba mimi, kwa sauti nzuri, watu wakaitikia amina, na Rwamba alikuwa jikoni akiwapikia waombolezaji chai. Nilikipata nilichokitaka, na sijawahi kukifurahia.

Ilinichukua miaka miwili kumwambia. Tulikuwa tukichuma mistari inayopakana, nikasema bila kumtazama, "Mama Ireri, ile maombi ya kaburini ilikuwa yako. Ni wivu ilinishika."

Alichuma mpaka mwisho wa mstari, kisha akajibu. "Najua. Niliomba peke yangu huko jikoni. Lakini nilitaka kumwombea akiwa karibu." Hakusema amenisamehe, nami sikuthubutu kumwuliza.

Sasa swali lako. Mchungaji wetu anasema si Wakristo, na ana sababu zake: kile kitabu, na mafundisho juu ya Mungu yasiyolingana na imani tunayoikiri kila Jumapili. Rwamba anasema ni Mkristo, kwa kuwa Yesu ndiye mwokozi wake na hana mwingine. Mimi sina elimu ya kuamua kati yao. Swali lenyewe si baya, na wapo watu wanaoliuliza kwa moyo safi. Mimi sikuwa mmoja wao.

Lakini kabla hujalipeleka kwenye kamati ya harusi, niambie: kabla ya msichana huyo kuja, ni nani aliyekuwa akianzisha nyimbo? Nimeisikia sauti ya huyo mgeni, mwanangu, na yako naijua tangu ukiwa mdogo. Kama wivu umo, utaje kwa jina lake, hata hapa kwangu. Ukishautoa, nenda ukamwulize yeye mwenyewe anaamini nini, umsikilize mpaka amalize. Ukiona bado dhamiri inakataa, mwambie ana kwa ana, kwa upole. Usimtume Mungu akuondolee mtu kwa sababu tu anapendwa kuliko wewe. Wivu wangu haujaisha mpaka leo. Wajukuu wangu wakivuka ua kukimbilia kwa Rwamba, bado unanichoma. Ila siuiti tena imani.

Mungu akupe moyo wa kumsikiliza mwenzako akiimba vizuri usijione umepungukiwa. Na likija la kukiri, akufikishe langoni na akuingize ndani.