Kofia ya Paros

Jengo letu la maofisi, Tianxiu Dasha, lina watu wengi wenye midomo, na mimi ni mmojawapo. Kwa hiyo Shifa alipotangaza ofisini kwamba anakwenda mapumziko ya siku saba kwenye boti ya matanga, azunguke visiwa vya Ugiriki na mumewe, nilikuwa wa kwanza kucheka.

"Wewe? Bahari unaijua kwa namba za kontena tu!"

"Ndiyo maana naenda, Dainess. Mizigo yangu imesafiri sana, mimi bado."

Shifa ni mtu wa Tanga, kicheko chake kinasikika hadi kwenye lifti, na ana miaka kumi na moja hapa Guangzhou, Uchina. Meza zetu zinatazamana. Yeye hununua viatu, kofia na mikoba kule soko la jumla la Zhanxi, akapakia. Mumewe, Haroun, hupokea Kariakoo akauza. Wanaonana mara mbili kwa mwaka, tena wakiwa wamezungukwa na katoni. Ndoa yao naijua yote, maana Shifa hufungulia ujumbe wa sauti wa mumewe hadharani: "Mke wangu, namba arobaini na mbili zimepungua. Nyeusi ziongeze." Basi, imekwisha hiyo. Salamu ilishaachwa zamani.

Siku ya kufunga safari alinivuta pembeni. "Naogopa, shoga yangu. Tukiutoa mzigo katikati yetu, tutabaki na la kuzungumza?"

Nikashika begi. Wenye boti walikataza masanduku magumu, eti hayana pa kuwekwa. Tukachukua shangazi kaja, lile begi la miraba, na Shifa akalizungushia selotepu mara nne, akaandika jina pande zote kwa kalamu nene. Nilimkumbusha kwamba haliendi Kariakoo. Hakunisikia.

Alirudi amechomwa na jua, maneno yamemjaa. Walikuwa wamewekeana sharti: atakayetaja biashara ataosha vyombo. Siku ya kwanza Haroun aliosha vya asubuhi na vya mchana. Vya jioni vilimwangukia Shifa, kwa kumuuliza nahodha tanga lile ni kitambaa gani na mita yake bei gani. Siku ya pili walikaa kimya kama watu kwenye foleni ya benki, na Shifa akadhani alichokiogopa kimetimia. Siku ya tatu upepo ukaja, boti ikalala ubavu, Haroun akatapika huku akimng'ang'ania mkono. Hapo ndipo alipokiri kwamba tangu utotoni anaogopa maji.

"Miaka yote hiyo sikujua, Dainess! Nikamuuliza, sasa umekuja kufanya nini? Akasema, si umeniita."

Tangu hapo hawakunyamaza tena.

Siku ya tano walitia nanga kisiwa cha Paros. Haroun akaingia dukani peke yake, akatoka na kofia pana ya jua yenye utepe wa buluu, akamvisha mkewe mwenyewe. Shifa akaivua aitazame. Ndani akaona nembo ya samaki mdogo mwekundu: alama ya laoban wake wa Zhanxi, yule mwenye duka anayemuuzia kofia hizohizo kwa dazeni kila mwezi!

"Bei ilinifika hapa," akanionyesha koo. "Nikaimeza."

"Kwa kuogopa vyombo?"

"Vyombo gani! Ungeuona uso wake alivyonivisha, nawe ungenyamaza."

Aliivaa hadi walipoachana uwanja wa ndege, akaja kuitundika msumarini juu ya meza yake.

Jumatatu simu ikalia, ujumbe wa Haroun. Ofisi nzima tukatega sikio kusubiri namba za viatu.

"Mke wangu, hujambo? Umelala vizuri?" Akakohoa. "Ile kofia. Nilijua tangu dukani. Yule samaki mwekundu namfungulia katoni kila mwezi, utanificha mimi? Nikaona unanyamaza, nami nikanyamaza. Nimeziuza nyingi sana, Shifa. Sijawahi kuiona hata moja kichwani mwako."

Shifa aliurudia ujumbe ule mara mbili. Kisha akaitungua kofia, akaivaa humo humo ofisini, akaendelea kujaza karatasi za forodha. Hakuna aliyemcheka, hata mimi.