Maumivu Mawili ya Mkuu wa Shule

Miaka ile watu wa ng'ambo walipokuwa wakivuka ziwa kukimbia vita, nilikuwa mwalimu mpya wa baiolojia katika shule ya Rusimbi, karibu na Ujiji. Nilitoka kwetu Tanga na vyeti ndani ya bahasha na majivuno nje. Siku moja mkuu wa shule aliniletea Mkongo mmoja wa makamo, mwembamba, shati limepigwa pasi hadi linang'aa. Kwao alikuwa akifundisha wauguzi. Sasa yeye na familia yake walikuwa wamefikia kwa shemeji yake Ujiji. Aliomba tu kukaa nyuma ya darasa langu, maana kwa shemeji kulikuwa na watu kumi na saba na kiti kimoja.

Nikawaambia kidato cha tatu kwamba nyuzi zote za neva husafirisha ujumbe kwa kasi ileile.

"Samahani, mama mwalimu," sauti ikatoka nyuma. "Hapana zote."

Darasa zima likageuka. Masikio yangu yakapata moto.

"Zile nene, zilizovikwa mafuta, zinakimbia," akaeleza taratibu. "Zile nyembamba, zisizovaa kitu, zinakwenda kama mtu anayetembea kwa miguu. Ndiyo maana ukijikwaa unaumia mara mbili."

"Kwetu mtu hujikwaa mara moja, akaumia mara moja!" nikamjibu. Wanafunzi wakapiga makofi, sijui wakimshangilia nani.

Kelele zikamleta mkuu wa shule. Aliingia mbiombio na makubadhi yake, tayari kugomba, akagonga kidole gumba kwenye mguu wa chuma wa dawati.

"Aa!"

Alikuwa mtu wa heshima zake, hivyo akanyooka haraka na kufungua mdomo kusema si kitu. Yule Mkongo alikuwa ameshainua kidole.

"Ya pili inakuja, mzee."

Ikaja. Mkuu wa shule aliketi juu ya dawati, akakumbatia mguu, akasema maneno ya Kingoni ambayo hakuna aliyethubutu kuuliza maana yake.

"Sugua, mzee, sugua. Habari ya kuguswa inapita kwenye nyuzi nene. Inafika mbele, inabana mlango, maumivu yanabaki nje."

Akasugua. Uso ukaanza kukunjuka. Darasa lilikuwa limeuma midomo, mabega yakitikisika.

"Hebu rudia hapo kwenye nyuzi nene," mkuu akasema, mguu bado mkononi.

Mkongo akapewa chaki. Mimi nikaenda kukaa kwenye kiti chake cha nyuma, nikaazima kalamu kwa mwanafunzi, nikaandika kila alichosema. Aibu ilinibana, lakini alichora vizuri mno kuliko mimi.

Baada ya kipindi nilimfuata nje. Asubuhi nilikuwa nimempa "habari" ya mkato tu, mtu wa umri wa baba yangu.

"Shikamoo, mzee."

Akatazama mikono yangu. "Umeshika nini?"

Kumbe kwao hakuna shikamoo. Nilicheka mpaka nikaegemea ukuta, naye akacheka kwa kuniona.

Tangu hapo alifundisha nasi kila Alhamisi, mkuu wa shule akikaa mstari wa mbele na viatu vya kufunika. Yeye na familia yake walipohamishiwa kambi ya wakimbizi, alianzisha darasa huko, nami nikampelekea boksi la chaki na daftari langu lenye maswali niliyoshindwa kuyajibu. Lilirudi limejibiwa lote, isipokuwa moja. Hapo aliandika: "Hili hata mimi sijui, mama mwalimu."