Cheti Ndani ya Barafu

Birkat al Mauz, mji mdogo wa Oman, haijui theluji, lakini picha iliyoshinda mashindano ya picha za baridi ya mwaka huu ilipigwa pale pale, ndani ya friza ya nyama, baina ya mguu wa mbuzi na mfuko wa jodari. Aliyeipiga ni Ghaniya binti Thabit, mjane wa miaka hamsini na nane, mzaliwa wa watu wa Unguja. Alitunza maabara ya skuli moja ya wasichana Nizwa kwa miaka ishirini na sita, akastaafishwa kwa zawadi ya saa ya ukutani. Saa ilisimama mwezi wa pili.

Barafu aliianza kwa kukosa la kufanya. Maji ya falaji, ule mfereji wa mji, yakigandishwa mabichi hutoa barafu nyeupe kama chokaa, kwa hiyo aliyachemsha mara mbili, akayagandisha tabaka juu ya tabaka na maua ya mkomamanga ndani yake. Kisha akavitamani viputo. Alichanganya sabuni ya vyombo, sukari na glisarini ya duka la dawa, akainama ndani ya friza yake, ile ya kufunguliwa juu kama sanduku, akapuliza kwa mrija juu ya sahani iliyoota sakitu. Viputo mia na kumi na tatu vilipasuka. Cha mia na kumi na nne kiliganda polepole, barafu ikapanda ubavuni mwake kama manyoya ya ndege, naye akakipiga picha kwa vidole visivyohisi kitu.

Fomu ya mashindano ilitaka jina. Akaandika Umm Muatasim, yaani mama wa Muatasim. Hakuwa akijificha: tangu amzae huyo Muatasim, miaka thelathini na moja sasa, mtaani hajaitwa vingine, na hata pakiti ya vidonge vyake vya presha imeandikwa hivyo. Penye simu akaandika nambari ya mwanawe, maana ndivyo wanawake wa rika lake wanavyojaza fomu.

Karani wa mashindano alitaka jina kamili, akapiga simu. Muatasim, afisa wa bima huko Firq, alipokea akiwa garini.

"Picha ya kiputo ni yenu?"

"Ndiyo."

"Jina kamili?"

Akataja lake. Labda kwa mazoea. Lakini siku ya zawadi hakukuwa na mazoea: alivaa kilemba kipya, akapanda jukwaani, akapeana mikono, akashukuru. Mama yake alipata habari kwenye WhatsApp ya ukoo, ambako chini ya picha ya mwanawe na cheti zilikuwa zimeshafika hongera arubaini na tatu, nyengine kutoka Pemba.

"Umechukua cheti changu," alimwambia alipoingia mlangoni.

"Mama, wallahi mudiri wangu wa kazini alikaa mbele kabisa! Ningesema nini? Kwamba mimi si mimi?"

"Ndiyo. Ungesema hivyo hivyo."

"Lakini kitu hiki kimebaki humu humu nyumbani. Jina langu, jina lako, tofauti iko wapi?"

"Tofauti ni kuwa wewe hata swichi ya friza huijui iliko."

Muatasim akamaliza ugomvi kwa njia aliyoiona ya kiungwana: alitundika picha na cheti katika majlis, chumba cha wageni.

Ijumaa, baada ya alasiri, Ami Marhun, kaka mkubwa wa marehemu mume wa Ghaniya, akaja na haluwa kupongeza. Ghaniya alikuwa chumba cha pili akipanga vikombe, mlango umerudishwa nusu, na kila neno likampata.

"Siri yake subira, Ami," alikuwa akisema Muatasim. "Nilipanda mlima wa Jabal Akhdar alfajiri, baridi inachoma, nikasubiri."

Ghaniya akavaa mtandio, akaingia.

"Shikamoo, shemegi."

"Marahaba, Umm Muatasim. Hongera kwa mwana."

"Hiyo nilipewa alipozaliwa. Leo nataka nyengine." Akamgeukia mwanawe. "Bwana mpiga picha, kiputo hicho ulikitia sukari kiasi gani?"

"Sukari?"

"Sukari."

Muatasim akautazama ukuta. "Vijiko... viwili?"

"Unapika chai?"

Ami Marhun akacheka, akavaa miwani, akaiendea picha. Alikaa nayo sana. Kiputo kilichoganda ni kioo. Hubeba kila kilicho mbele yake. Humo mlikuwa na ukingo wa friza, mguu wa mbuzi, na mwanamke aliyejitanda kanga, pua imevimba kwa ule mviringo.

"Humu mna mtu," alisema. "Nani huyu?"

"Huyo ndiye Jabal Akhdar," alisema Ghaniya.

Ami Marhun akarudi kukaa, akanywa kahawa, akasahau kukitikisa kikombe kuonyesha ametosheka, akajaziwa tena. Alikuwa ameshafahamu kila kitu. Hilo ndilo lililomchoma Ghaniya zaidi kuliko uwongo wenyewe.

"Basi, khalas," alisema shemegi yake kwa upole. "Mambo ya nyumbani yabaki nyumbani. Kijana ana kazi, ana heshima yake kwa wakubwa. Usimvunjie."

"Na mie?"

"Wewe mama yake."

Ghaniya akakitungua cheti ukutani. Kilikuwa kimefunikwa plastiki, kazi safi kabisa.

"Mama, wakipeleka wapi?"

"Kwenye friza. Kapumzike, umechoka na mlima."

Alichemsha maji mara mbili. Alimwaga tabaka, akangoja, akalaza cheti, akamwaga tena. Kwa siku tatu hakumwambia mwanawe zaidi ya "chakula kipo". Barafu ilipotoka safi, kila herufi ikisomeka, alipuliza kiputo juu ya jina, akainama, akapiga picha. Uso wake ulitokea ndani ya kiputo, umeketi juu ya jina la Muatasim.

Asubuhi ya Jumanne akaenda Nizwa mwenyewe, kwenye ofisi ya mashindano, kuiandikisha kwa mwaka ujao. Akajaza fomu: Ghaniya binti Thabit. Simu: yake.

Karani akaisogeza picha dirishani.

"Mama, huyu mwenye jina ndani ya barafu si mshindi wetu?"

"Ndiye," alisema Ghaniya, akichukua risiti. "Mie ndiye niliyemgandisha."